Chai Iliyochemka kwa Mavi ya Kuku

Mama Akello alipofika mwezi uliopita hakunisalimu. Alishuka kwenye bodaboda mbele ya lango la Mzee Thembo, akanipa mfuko wake niushike kama mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, akapita kando ya nyumba moja kwa moja hadi nyuma, kwenye migomba. Nilimfuata. Nilimkuta ameinama juu ya mdomo wa shimo, macho ameyafumba, ananusa. Asiyemjua angedhani anasali. Wageni waliokuja kwa ubatizo wa mjukuu wa Mzee walikuwa wameanza kukaa kwenye viti vya plastiki, nao wakamtazama mama huyu mrefu wa kaskazini, ndani ya gauni lake la gomesi linalometameta, akiwa amepeleka pua kwenye samadi. Alivuta pumzi, akatulia, akavuta tena. "Bado inapumua," akasema. Ndipo akanigeukia. "Na wewe umenenepa." Hiyo ndiyo ikawa salamu yangu baada ya miaka yote hiyo, nami niliipokea kwa furaha, kwa sababu kwa Mama Akello hata upendo huja umevaa viatu vya jeshi.

Mwaka ninaoukumbuka kila nikimwona ni mmoja tu, katika ile miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, wakati simu ya tochi ilikuwa bado inaheshimiwa. Wazazi wangu walikuwa nani na nilifikaje Nyamwamba, hapa mjini Kasese, ni habari ndefu isiyo na kuku ndani yake, kwa hiyo nairuka. Nilikuwa na chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Mzee Thembo, katika safu yake ya vyumba vya kupangisha. Kulikuwa na kitanda, meza, trei za mayai zilizopangwa hadi kwenye dirisha, na kuta ambazo fundi aliziacha kabla hazijagusa bati. Labda yeye alichoka, labda mfuko wa mwenye nyumba ulichoka kwanza. Kupitia uwazi ule wa juu nilipata habari za uwanja mzima bila kushuka kitandani. Kushoto kwangu alikaa Mama Akello, mke wa koplo aliyekuwa ametumwa kazini mbali. Alikuwa amehama kambini kwa sababu kambini hapakuwa na nafasi ya kuku mia tatu. Kulia kwangu palikuwa na jiko la Mzee, ambamo mkewe, Mama Kabugho, alipika na kusema. Kushoto nilisikia amri, kulia nilisikia maoni, na katikati nililala vizuri sana.

Kazi yangu ilikuwa kuchukua mayai ya Mama Akello na kuyapeleka Bwera siku za soko, kuwauzia Wakongomani waliovuka mto Lhubiriha na vikapu vyao. Tuliyahesabu asubuhi mlangoni kwake, mimi nimechuchumaa, yeye amesimama. Nilipomaliza kuhesabu, nilianza upya. Ndivyo nilivyo, hata chenji ya kanisani naihesabu mara mbili. Mwanzoni jambo hilo lilimkera.

"Wewe mutoto ya Bwera, kwa nini unarudia?"

"Ni desturi, afande."

"Desturi ya wezi."

"Ya walioibiwa."

Alifikiri kidogo. Kisha akachuchumaa mbele yangu, akayahesabu mwenyewe kwa mara ya tatu, polepole, huku akinitazama usoni badala ya kuyatazama mayai. Tangu siku hiyo ikawa hivyo: mimi mara mbili, yeye mara moja juu yangu, na baada ya hapo tulikunywa uji. Sijapata kuwa na urafiki uliohesabiwa vizuri kuliko ule.

Mayai yalikuwa mazuri. Tatizo lilikuwa kile kingine ambacho kuku hutoa, na ambacho hakina soko Bwera. Kuku hakojoi pembeni kama wanyama wenye adabu. Vyote viwili hutoka pamoja, kwa hiyo mavi yake yana ukali ambao ya ng'ombe hayana, ukali unaochoma macho kabla haujafika puani. Changanya hapo joto la Kasese. Mama Akello aliyarundika nyuma ya banda, akayafunika kwa majani ya migomba, na harufu ikapita katikati ya majani kama vile haikuyaona. Asubuhi moja, wakati Mama Kabugho alikuwa anakoroga uji wa mtama upande wa pili wa ukuta wangu, nilimsikia Mzee akiingia jikoni na kukaa kwenye kigoda. Walizungumza Lhukonzo, lakini mambo ya wakwe ni yale yale kwa lugha yoyote. Binti yao, Kabugho, alikuwa amepata mchumba, na upande wa mvulana ungekuja baada ya mavuno kujitambulisha na kuleta mbuzi.

"Watakaa wapi?" Mzee aliuliza. "Upepo unatoka kwa kuku, unaenda kwenye viti."

"Hamisha viti."

"Nimevihamisha. Upepo ulivifuata."

Mwiko ulizunguka mara kadhaa ndani ya sufuria. "Unataka nini, baba Kabugho?"

"Kuku waondoke kabla ya siku hiyo. Mwanamke mwenyewe hana neno, ni mpangaji mzuri. Lakini kuku wale sina undugu nao."

Nilimpelekea Mama Akello habari hizo kabla uji wa upande wa pili haujaiva. Nilidhani angefoka. Alikaa chini, juu ya jerikeni iliyolala, akawatazama kuku wake wakigombana kwenye chombo cha maji. Kuku wakiondoka, alisema, naye ataondoka. Hana sababu nyingine ya kukaa Kasese. Atarudi kaskazini nyumbani kwa mama mkwe wake, mwanamke ambaye funguo za ghala huzilalia. "Kule nitakuwa mutoto tena," akasema. "Nikitaka chumvi, naomba. Nikitaka sabuni, naomba. Hapa mimi ni mutu. Hawa kuku ndio walinifanya mutu." Mimi nilikuwa na hesabu yangu pia, siwezi kuficha: mayai yale ndiyo yalikuwa yananipeleka Bwera, na mwanamke yule ndiye mtu pekee aliyenihesabu vizuri kuliko nilivyojihesabu. Kwa hiyo alipoinuka na kusema, "Kuja, tunaenda Rukoki," sikuuliza kwa nini.

Rukoki kulikuwa na mkulima mwenye ng'ombe wawili na mke anayepika maharage bila kuni. Mama Akello alikuwa amemwona siku alipopeleka mayai huko. Moto ulitoka kwenye bomba, wa buluu, bila moshi, na bomba lilitoka kwenye kuba la matofali lililozikwa ardhini, ambamo mavi ya ng'ombe na maji yalikuwa yanachacha. Aliyelijenga ni Fundi Masereka, mtu mwembamba mwenye kofia isiyovuliwa. Mama Akello alimuuliza kama mavi ya kuku yangefaa.

"Sijajenga ya kuku," alisema fundi. Kisha akaona tunamtazama. "Lakini mavi ni mavi, mama."

Mzee Thembo alikubali shimo lichimbwe. Alisema samadi iliyo chini ya ardhi ni bora kuliko iliyo puani, lakini akaongeza, kwa sauti ya mzee wa kanisa anayesoma matangazo, kwamba siku ya wakwe ikifika na harufu bado ipo, banda livunjwe siku moja kabla. Mama Akello akasema, "Sawa, Mzee," akiwa amesimama wima kama anapokea zamu. Fundi akajenga, na kwa kuwa nilikaa karibu nilihesabu matofali, mara mbili, jambo ambalo halikumfurahisha. Kuba lilijazwa kwanza kwa mavi ya ng'ombe kutoka Rukoki, likasubiriwa, na siku moja mchana Mama Akello alifungua koki ya jiko, akawasha kiberiti, na moto ukasimama. Tulikaanga mayai, maana tungekaanga nini kingine? Mama Kabugho alikuja na sahani yake mwenyewe. Ninaukumbuka ule mlo wa kwanza: wanawake watatu ndani ya kibanda cha mabati cha kupikia, bila moshi machoni, tunatazamana kana kwamba kuna mtu katudanganya na hatujajua wapi.

Rukoki ni mbali kwa mtu anayebeba mavi, nasi tulikuwa na yetu. Kwa hiyo tukaanza kulisha shimo mavi ya kuku tu, ndoo baada ya ndoo, na maji kidogo kwa kuwa maji tulichota mbali. Kwa muda moto ulikubali. Kisha ukawa mfupi, kisha ukawa unakohoa, kisha siku moja ukakataa kabisa, na pale tope linapotokea kukaanza kutoka harufu kali kuliko ya rundo la zamani. Fundi Masereka alikuja, akagongagonga bomba, akaweka sikio kama daktari.

"Bomba iko safi."

"Basi nini?" aliuliza Mama Akello.

"Labda kuku yako iko na hasira."

Sasa, kwetu, choo kikinuka unatia majivu. Hakuna anayefundishwa hilo. Mtu anazaliwa analijua kama anavyojua kupuliza uji. Mama Kabugho ndiye aliyeleta beseni la kwanza, kwa moyo mwema kabisa, akalimimina kwenye ndoo za kulisha shimo. Wapangaji wengine wakaona ni jambo la maana, wakaleta ya majiko yao. Uwanja mzima ulishirikiana. Sijawahi kuona umoja kama ule hata wakati wa uchaguzi. Harufu ikazidi. Ikawa ukipita karibu na mdomo wa shimo machozi yanatoka, kama umepata habari za msiba. Tukaongeza majivu. Bila shaka. Mzee Thembo alikuwa anapita na leso puani. Jikoni nilimsikia akimwambia mkewe kwamba tayari amezungumza na kijana wa kubomoa banda. Nilisikia tu mwiko ukigonga ukingo wa sufuria kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Siku ya soko iliyofuata niliuza vibaya. Nilishusha bei kabla sijaombwa, na habari hizo zikafika kwa Mama Furaha kabla yangu. Hoteli yake ilikuwa karibu na barabara ya mpakani, mabenchi mawili na meza ndefu, na hapo ndipo wauzaji wa pande zote mbili walikula bundu, ule ugali wa muhogo mzito unaoinuka wote ukiuvuta vibaya, kwa sombe, mboga ya majani ya muhogo, na samaki wa Katwe. Mbele yangu alikaa Paluku, Mkongomani aliyeuza dawa za mifugo ng'ambo ya mto na aliyenunua mayai yangu kila wiki kwa malalamiko. Zamani alifuga nguruwe na kuku karibu na Butembo.

"Biira, leo sura yako iko kama yai ya juzi," alisema.

"Gesi yetu imekufa."

"Gesi gani?"

Nikamweleza. Akaendelea kula, akiuliza kati ya tonge na tonge. "Munalisha nini mule ndani?"

"Mavi ya kuku."

"Na nini?"

"Mavi ya kuku."

"Maji?"

"Kidogo."

"Na kitu ingine?"

"Majivu. Ya kuondoa harufu."

Aliweka tonge chini. Alicheka mpaka Mama Furaha akatoka jikoni na mwiko mkononi kuona kama kuna anayekabwa na mwiba. "Majivu!" alimwambia. "Mama, baliweka majivu!"

"Ukimaliza kucheka niambie," nikasema.

"Ile iko na bei."

"Bei gani?"

"Trei moja."

"Trei nzima kwa maneno?"

"Shimo yangu ilikufa mara mbili mbele nijue. Wewe unataka kujua bure, na ukikula samaki?"

"Nusu trei leo. Nusu nyingine moto ukiwaka."

"Na kama hauwake?"

"Basi utakuwa uliniuzia hewa, na hewa ndiyo imeniharibia wiki."

"Kubali, Paluku," alisema Mama Furaha. "Huyu akisema nusu, nusu inakuja. Utazeeka tu ukingoja amalize kuihesabu."

Akakubali. Akavuta bakuli langu la sombe upande wake kama sehemu ya makubaliano, nami nilimwachia. "Sikia. Mule ndani beko bidudu, bidogo sana, jicho haiwezi ona. Ile ya kutengeneza gesi inaogopa ammoniaque. Njo ile inakuchoma macho mu nyumba ya kuku. Kidogo, haina shida. Ikikuwa mingi, inabashika koo, banaacha kazi." Mavi ya ng'ombe ya mwanzo, alisema, ndiyo yaliyotuokoa kwa muda; tulipoanza kulisha shimo mavi ya kuku matupu, na maji machache, ule ukali ukajazana. Lakini mwingi wake ulikuwa bado umefungwa ndani ya maji. Majivu ndiyo yaliyoufungulia mlango. Katika choo kikavu majivu hukausha, ndiyo maana yanasaidia. Ndani ya maji hufanya kazi nyingine kabisa: huondoa uchachu uliokuwa unaufunga ule ukali. Joto nalo husukuma mlango ule ule, na joto Kasese halijapata kupungua hata siku ya Krismasi.

"Tufanye nini?"

"Acheni kulisha. Toeni ile tope, karibu nusu, muweke maji. Muende kwa bachinjaji, mutafute ile majani ya ndani ya tumbo ya ng'ombe, ya moto, ya leo leo, juu ile iko na bidudu bazima. Kisha mulishe maganda, ya ndizi, ya muhogo mulioanika. Maji ile chachu munaloweka muhogo ya bundu, muweke kidogo kidogo, inafunga ule mulango. Kuku mutarudisha pole pole." Akanyoosha tonge lake kwangu kama mwalimu anayenyoosha chaki. "Kuku ikuwe chumvi, Biira. Isikuwe bundu."

Nilimpa nusu trei. Aliihesabu mara mbili. Nilimheshimu kwa hilo.

Mama Akello aliyasikiliza yote akiwa amekunja mikono. Alipofurahi hakusema, alianza tu kugawa kazi. Mimi machinjioni, fundi kutoa tope, wapangaji kutoa maganda na kukoma na majivu yao. "Nikiona beseni ya majivu, nafunga mutu," alisema, na ingawa hakuwa na mamlaka ya kumfunga hata mbuzi, mabeseni yalitoweka. Alfajiri iliyofuata machinjio ya mjini yalikuwa yanafuka mvuke. Nilijaza jerikeni mbili zilizokatwa juu kwa ule uji wa kijani kutoka tumboni, zenye joto kama mtoto aliyelala, nikatafuta bodaboda. Wa kwanza alikimbia. Wa pili alitazama, akanusa, akasema, "Mama, hii haina pikipiki ya kuibeba." Tulielewana kwamba nitazishika mwenyewe, na tone likimwagika nitaosha pikipiki hadi magurudumu. Niliiosha. Nilifika nyumbani nikinuka kiasi kwamba kuku wenyewe walisogea.

Tope tulilolitoa fundi alilichanganya na maji mengi, tukalimwaga kwenye migomba ya Mzee, ambaye alitazama bila kuuliza. Kisha ikabaki kusubiri, na Mama Akello alikuwa mtu wa kila kitu isipokuwa kusubiri. Alifagia uwanja ambao ulikwisha fagiliwa. Mavi ya kila siku hatukuyarundika tena. Tuliyaanika kwenye magunia, na wakulima wa Rukoki wakawa wanayachukua kwa ajili ya mashamba yao. Kila jioni Mama Kabugho alileta kikombe kimoja, si zaidi, cha maji machachu ya muhogo wake, akakimimina kwa makini kama mtu anayetia dawa jichoni. Nilikuja kufahamu kwamba alikuwa anafanya hivyo wakati mumewe yuko kwenye mkutano wa kanisa. Kwanza ukali ulipungua, macho yakaacha kutoa machozi. Kisha harufu yenyewe ikabadilika, ikawa ya zizi la ng'ombe, harufu ambayo kwa mtu wa kwetu haihesabiki kama harufu. Viputo vikaanza kupanda kwenye tope. Mama Akello akawasha kiberiti mara nyingi bila kupata kitu, akawa anakasirikia kiberiti, mpaka siku chache kabla ya wakwe, akiwa ameshaacha kutegemea, moto ukashika. Mdogo, wa buluu, umetulia. Hakuniita. Nilijua kwa sababu upande wa kushoto, kwa mara ya kwanza tangu niishi pale, pakawa kimya kabisa.

Mzee alikuja, akasimama pale viti vitakapokaa, akainua pua. "Mm," alisema. "Tutaona siku yenyewe. Kijana wa kubomoa nimemwambia akae karibu."

Siku yenyewe ilianza na mvua. Haikuwa manyunyu, ilikuwa mvua ya milimani, inayoshuka na mizigo yake yote. Mafiga yaliyopangwa nje yakazama, kuni zikalowa hadi kwenye moyo, na Mama Kabugho akapuliza mpaka macho yakawa mekundu. Nyama ilikuwa imepikwa jana kwa bahati njema, lakini chai ya kuwapokea wakwe ilikuwa bado maziwa baridi ndani ya sufuria kubwa. Na wakwe walikuwa wameshaondoka kwao Nyakiyumbu. Simu ilisema hivyo. Nilikuwa mlangoni kwa Mama Akello tulipomwona Mama Kabugho anakuja akikimbia kwenye tope, sufuria kifuani, kanga kichwani.

"Ile kitu yenu inawaka?"

"Inawaka," alisema Mama Akello, na kwa mara ya kwanza hakuwa na uhakika.

Tuliweka sufuria juu ya moto ule mdogo. Ulionekana kama mshumaa chini ya nyumba. Mama Akello alichuchumaa, mkono mmoja kwenye koki, akiutazama kama anavyotazama mayai yanapohesabiwa na mtu mwingine. Nje nilimwona yule kijana wa kubomoa amejikinga mvua chini ya banda la kuku, nyundo mapajani, akila karanga. Maziwa yalianza kuimba pembeni, kisha katikati, kisha yakapanda, na Mama Kabugho akayatuliza kwa kata, akatia majani, akasema jina la Mungu kwa Lhukonzo. Lango likagongwa.

Mzee alituita pembeni kabla chai haijapelekwa. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. "Hakuna atakayewaambia wageni chai hii imepikwa kwa moto gani," alisema, akitutazama mmoja mmoja. "Mpaka mbuzi wakubaliwe. Mumenisikia?" Tukasikia. Wakwe wakakaa chini ya turubai, pale pale ambapo upepo hupita, wakanywa, na hakuna aliyegusa pua. Nilipita na birika nikiwatazama pua zao. Nadhani walidhani nina matatizo. Msemaji wao alikuwa mjomba wa bwana harusi, mtu mwenye sauti nene na jicho la muuzaji. Aliagiza chai ya pili. Akasifu maziwa. Kisha akasema jambo la kawaida tu, la kujaza kimya: "Mvua yote hii, na bado mumetupatia chai ya moto. Kuni mulitoa wapi?"

Mimi niliganda na birika. Mama Akello aliganda na sahani. Mama Kabugho alitazama juu, kwenye turubai. Mbuzi walikuwa bado nje ya lango, hawajatajwa hata mmoja. Mzee Thembo alifungua kinywa, na nikaona kitu kinamshinda nguvu, kitu ambacho kilikuwa kimekaa ndani yake tangu alipoiona chai ikifuka mvuke.

"Hakuna kuni," alisema. "Tuna gesi yetu. Ya mavi ya kuku."

Mjomba alitazama ndani ya kikombe chake. Turubai zima lilimtazama yeye. Alinusa chai, akameza funda, akalifikiria. Kisha akamwinulia Mama Akello kikombe aongezewe.

"Basi, kama nyumba hii inapika kwa mavi," alisema, "mbuzi mmoja abaki kwetu. Na sisi tuanzie mahali."

"Mbuzi wote wanaingia," alijibu Mzee bila kupepesa. "Mavi tutawatumia."

Kicheko kilipiga turubai na kumwaga maji yote yaliyokuwa yametuama juu yake. Baada ya hapo mazungumzo yalikwenda kama kwenye mteremko. Mbuzi wakaingia, wote. Niliwahesabu langoni, na niliporudia hakuna aliyenikataza. Mzee aliwachukua wanaume wa upande wa pili hadi nyuma, akawaonyesha kuba, bomba, na migomba iliyokuwa imenawiri, akiwaeleza habari za vijidudu kana kwamba alivinunua mwenyewe. Yule kijana akaulizwa mbona ana nyundo, akasema hata yeye hajui, akapewa nyama akaenda nayo. Habari ya kuku kuondoka haikusemwa tena na mtu yeyote. Kesho yake asubuhi niliona ndoo ya maganda ya ndizi mlangoni kwa Mama Akello, na Mzee akiwa tayari amegeuka anaondoka, mikono nyuma. Paluku alipata nusu trei yake, na akalalamika kwamba mayai ni madogo.

Haya yote yalinirudia mwezi uliopita, tulipokuwa tumekaa wawili jikoni kwa Mama Kabugho baada ya ubatizo, sufuria ya chai juu ya moto ule ule, maana bomba siku hizi linafika humo. Kuku wa Mama Akello walihamia kwake kaskazini pamoja naye miaka michache baadaye, mume wake alipohamishwa, na huko sasa ana nyumba yake mwenyewe, na funguo zake, na kuba lake. Hapa Mzee amebaki na kuku wake mwenyewe, ambao sasa ana undugu nao. Nje tulimsikia akiwaeleza wageni wa ubatizo kuhusu shimo. Nikamwuliza Mama Akello kama anakumbuka siku ile chini ya turubai. Nikamwambia kwamba mimi jambo moja tu ndilo lililonifanya nijue tumepona, hata kabla ya mbuzi: Mzee alisema "gesi yetu". Alisema mara mbili siku ile, moja kwa mjomba na moja kule nyuma kwenye kuba. Nilihesabu.

Mama Akello alipuliza chai yake.

"Tatu," alisema. "Ya tatu ulikuwa unaosha vikombe."